Lenzi za zamani kwenye kamera ya dijitali: mwongozo kamili, kuanzia kuchagua mpaka kupiga

Watu wengi wana bodi (kamera yenyewe bila lenzi) nzuri tu ya dijitali ila lenzi ni ileile 18-55 iliyokuja nayo kwenye boksi. Anataka ile picha ya uso umekaa mkali na nyuma pamefifia, akiulizia bei ya 85mm f/1.4 mpya anaondoka kimyakimya. Wakati huohuo kuna 50mm, 58mm na 135mm za miaka ya 60, 70 na 80 zimelala kwenye makabati ya wazee waliokuwa na studio, kwa mafundi kamera na mitandaoni, chuma kitupu na kioo, na bei yake mara nyingi ni kipande tu cha lenzi mpya. Zinapiga kazi vizuri kabisa. Ila sio kila lenzi inaingia kwenye kila kamera, na hapo ndo hela zinapopotea, mtu ananunua lenzi kwanza alafu ndo anaanza kuulizia adapta. Fanya kinyume, anzia kwenye bodi uliyonayo, ujue inakubali nini, lenzi baadae.

Na tuelewane mapema, nyingi ya lenzi hizi hazina autofokasi. Utazungusha kwa mkono. Kama kazi yako ni mpira au watoto wanaokimbia ukumbini, lenzi ya zamani sio ya kutegemea, iwe ya pembeni tu.

1. Ijue bodi yako: ni hesabu ya milimita

Kila aina ya maunti (kile kifungo cha lenzi kwenye bodi) ina umbali wake maalum, kutoka kwenye uso wa chuma pale lenzi inapokaa mpaka kwenye sensa (zamani filamu). Lenzi imetengenezwa ikijua umbali huo. Ukiisogeza mbali zaidi na sensa inaona vitu vya karibu tu, vya mbali vinagoma kukaa kwenye fokasi. Kwahiyo adapta ni pete ya kujaza pengo, na pengo lazima liwepo. Hizi hapa ndo namba zenyewe:

Lenzi za zamani
- Leica R 47.0
- Nikon F 46.5
- Olympus OM 46.0
- Contax/Yashica 45.5
- M42 (ile ya kuzungusha kama parafujo) na Pentax K, zote 45.46
- Canon EF 44.0
- Minolta MD 43.5
- Canon FD 42.0
- Konica AR 40.5
- Leica M 27.8

Bodi za mirolesi (kamera zisizo na kioo cha kuakisi ndani)
- Canon RF na maunti ya L (Panasonic S, Leica SL, Sigma) 20.0
- Micro Four Thirds (Olympus, Panasonic) 19.25
- Sony E 18.0
- Fujifilm X 17.7
- Nikon Z 16.0

Sasa toa. Lenzi ya M42 kwenye Sony E, 45.46 toa 18 inabaki 27.46, yani adapta ni kibomba cha kama sentimita mbili na nusu na ushee, ndani hamna kioo chochote, hewa tu. Ndo maana mirolesi zinakula karibu kila kitu, na ndo maana hizi lenzi zilipanda chati Micro Four Thirds ilipoingia 2008 na zaidi Sony A7 ilipotoka 2013 na sensa ya fulu fremu (ukubwa wa filamu ya 35mm).

Kwenye DSLR (kamera zenye kioo cha kuakisi ndani) mambo yanabana. Canon EF ina 44.0, kwahiyo M42 inaingia kwa adapta nyembamba ya 1.46mm, na Nikon F, OM, Contax/Yashica na Leica R nazo zinaingia. Ila Canon FD haiingii, na hii inawauma watu sana kwa sababu ni Canon kwa Canon. FD ni 42.0, bodi ni 44.0, umeshazidi milimita mbili kabla hata hujaweka adapta. Zipo adapta zenye kioo ndani za kurekebisha hilo, na zile za bei rahisi zinakuharibia picha, pembeni panakuwa maziwa maziwa. Mi ningekuwa na FD na Canon DSLR ningeacha hiyo lenzi mpaka nipate mirolesi.

Nikon DSLR ndo mbaya kuliko zote kwa lenzi za wenzake maana 46.5 ni ndefu mno, hata M42 haifiki mbali kabisa bila kioo. Lakini kwa lenzi za Nikon wenyewe ni tamu, maunti ya F ni ya mwaka 1959 na mpaka leo inaingia. Hapo kuna mtego mmoja: mwaka 1977 Nikon walileta mfumo wa AI (sio akili bandia, ni namna lenzi inavyoijulisha bodi apacha, yani tundu la mwanga, zile namba za f). Lenzi za kabla ya hapo, ambazo hazijabadilishwa, pete yake ya apacha inaweza kugonga kidole cha kupimia kilichopo kwenye bodi kama D7000, D300, D610, D750 na D800, na ukilazimisha unakivunja. Bodi ndogo za D3000 na D5000 hazina hicho kidole, nyingi ya hizo lenzi zinakaa bila shida, ila kamera haitakupimia mwanga, unapiga kwa M (unapanga kila kitu mwenyewe) na kuangalia histogramu, ile grafu ya mwanga. Hata ukiweka AI nzuri kwenye D3300 mita ya mwanga inakufa vilevile. Kwenye D7000, D7100 na D7200 mita inafanya kazi, unaingia menyu sehemu ya "Non-CPU lens data" unaandika milimita na apacha kubwa ya lenzi. D7500 usije ukajichanganya, kile kidole walikiondoa.

Wenye Pentax mna raha, lenzi zote za K zinaingia moja kwa moja na M42 inaingia kwa kipete. Kwa lenzi za K zisizo na alama ya A, ruhusu matumizi ya pete ya apacha kwenye menyu, weka M, alafu bonyeza kitufe cha kijani, kamera inapima na kukupangia shata.

2. Hesabu ya kropu

Haraka tu. Sensa ya APS-C (ndogo kuliko fulu fremu, ndo hiyo kropu) inakata katikati ya picha, zidisha milimita mara 1.5 (Canon 1.6), Micro Four Thirds mara 2. Helios ya 58mm kwenye Fuji au Nikon ya kropu inaona kama 87mm, kwenye Canon ya kropu kama 93, kwenye Micro Four Thirds kama 116. Kwa uso wa mtu hiyo ni zawadi. Kwa lenzi pana ni msiba, 28mm yako ya zamani inageuka kama 42 na tena imebaki na udhaifu wake wote, kwahiyo kama una kropu usitafute lenzi pana ya zamani, ile 18-55 yako inaishinda upande huo.

3. Lenzi gani ya kuanzia

50mm. Kila kampuni ilitengeneza 50mm nzuri kwa sababu ndo iliyouzwa na kila kamera, ziko nyingi, hata mbovu yake sio mbovu sana. Chukua f/1.8 au f/2, usikimbilie f/1.4 na 1.2, utalipa zaidi na wazi kabisa utakuwa unafokasi kwa kubahatisha.

Helios 44-2, 58mm f/2, ya Urusi ya zamani, ilikuwa inakuja na kamera za Zenit, ndo maana zimejaa duniani. Mchoro wake umetoka kwenye Biotar 58mm f/2 ya Carl Zeiss Jena. Inapendwa kwa ile nyuma inayozunguka kama majani yanamzingira mtu. Huo mzunguko haujitokezi tu wenyewe. Mtu akae kama mita moja na nusu mpaka mbili kutoka kwako, nyuma yake mita kadhaa pawe na majani yenye vitobo vya mwanga, apacha f/2 au 2.8. Ukuta mtupu hauzunguki. Na mzunguko unaishi pembeni ya picha, kwahiyo fulu fremu inauona wote na kropu inaukata mwingi, mtu mwenye APS-C asinunue Helios kwa ajili ya hiyo peke yake. Ina pete mbili za apacha, moja unaweka kikomo, nyingine unafungua na kufunga kimyakimya bila mlio. Kwenye seriali, namba mbili za mwanzo mara nyingi ni mwaka iliyotengenezwa.

Super-Takumar 50mm f/1.4 ya Pentax, M42, kwa mkono wangu ndo lenzi ambayo pete yake ya fokasi inazunguka vizuri kuliko zote za umri wake. Toleo lake la vioo saba lina thoriamu kwenye kioo, mionzi kidogo, kuishika na kupigia picha hakuna shida ila usiivunje wala kuisaga. Thoriamu inafanya kioo kiwe cha njano kama chai kadri miaka inavyoenda. Dawa ni mwanga wa UV: taa ya UV, au jua la dirishani siku kadhaa, na karatasi ya foili nyuma ili mwanga urudi ndani. Usiiache kwenye jua kali la saa saba mchana ikachemka, grisi inayeyuka.

Nikkor 105mm f/2.5 ni ya wapiga sura. Ile picha ya Steve McCurry ya binti wa Afghanistan ya 1984 ilipigwa na 105 f/2.5. Na 135mm f/2.8 au 3.5 ya kampuni yoyote kubwa, bei yake huwa chini kwa sababu watu hawazitaki siku hizi, na ni kosa lao.

Zumu za zamani ziache, isipokuwa umepewa bure.

4. Kuikagua kabla hujatoa hela

Jina la lenzi halikusaidii kama ndani imeoza. Nenda na tochi, ya simu inatosha.

Fungua apacha yote, elekeza tochi kutoka nyuma, tazama kutoka mbele kwa pembe, alafu geuza. Vumbi kidogo sio kitu, kila lenzi ya miaka 40 ina vumbi. Unachotafuta ni fangasi, vinyuzi kama mizizi au utando wa buibui, na huku kwetu pwani ndo ugonjwa namba moja. Fangasi kidogo pembeni haionekani kwenye picha, fundi anaweza kuisafisha, lakini ikishakula koti la kioo inaacha makovu ambayo hayatoki. Pili ukungu, kioo kinaonekana kama kimepumuliwa, huu ni mbaya kuliko mkwaruzo kwa sababu unaua ukali wote wa rangi. Mkwaruzo mdogo kioo cha mbele wala usikutishe, kwenye picha hutauona, bali kioo cha nyuma kikiwa na mkwaruzo achana nayo. Tatu, ukiona kwenye ukingo rangi za upinde wa mvua au mapovu, gundi kati ya vioo imeachia, hiyo rudisha mezani.

Vibati vya apacha: funga fungua uone kama vina mafuta. Hapa muuzaji atakwambia ni tatizo kubwa au sio tatizo kulingana na anavyotaka kuuza. Ukweli ni kwamba kwenye kamera ya filamu mafuta yalikuwa kifo, maana vibati vilitakiwa kujifunga ghafla wakati wa kupiga. Kwenye adapta unafunga mwenyewe polepole, kwahiyo vikiwa vinasogea tu inatosha. Ila hayo mafuta yanaweza kupanda kwenye vioo na kuleta ukungu baadae, omba punguzo.

Zungusha fokasi mwanzo mpaka mwisho. Iwe laini na nzito sawasawa. Ikikwama sehemu moja imeshaanguka, ikiwa ngumu kama tope grisi imekauka, inarekebishika ila ni hela ya fundi. Angalia pia ukingo wa mbele pa kufunga filta kama pamebonyea.

5. Adapta

Aina ya kwanza ni bomba tupu, rahisi, na kwa lenzi za mikono haihitaji zaidi ya hapo. K&F Concept na Fotodiox zinatosha wengi, Novoflex ni ghali na imenyooka. Ukiifunga, shika lenzi uitikise: mchezo kidogo unavumilika, ikicheza kama jino bovu rudisha. Alafu toka nje, fokasi mnara wa simu wa mbali au mwezi. Fokasi ifike kabla kidogo tu ya alama ya mwisho, adapta nyingi zimekatwa fupi kidogo makusudi, hiyo sawa. Isipofika kabisa adapta ni nene, badilisha.

Kwa M42 chagua adapta yenye ukingo wa ndani unaobonyeza pini. Lenzi nyingi za M42 za baadae zina pini nyuma, isipobonyezwa apacha inabaki wazi hata uzungushe mpaka f/16. Kama lenzi ina swichi ya A/M weka M umemaliza. Helios 44-2 haina pini, adapta yoyote.

Lenzi za Nikon za G hazina pete ya apacha, kwahiyo nunua adapta yenye pete yake pembeni, haikuonyeshi namba, unakadiria. Zile za E na AF-P apacha au fokasi ni ya umeme, bomba tupu haliziwezi.

Aina ya pili ni adapta za umeme, hizi sio za lenzi za babu bali za jana. Lenzi za Canon EF (tangu 1987) kwenye Sony kupitia Sigma MC-11, Metabones au Viltrox zinafanya autofokasi, na kwenye Canon R kwa adapta ya Canon wenyewe zinafanya kazi kana kwamba zimezaliwa hapo, ukiwa na EF nzuri usiziuze. Nikon Z kwa adapta yake ya FTZ inaendesha lenzi zenye mota ndani, ila zile AF-D zinazosukumwa na parafujo ya bodi zinabaki za mkono. Kuna pia Techart LM-EA7 ya Sony, inasogeza lenzi nzima ya mkono mbele na nyuma, unapata autofokasi kwenye lenzi ya 1965, sio ya haraka na haipendi lenzi nzito.

Aina ya tatu ndo naipenda kwa wenye kropu: adapta ya kupunguza milimita, Speed Booster ya Metabones iliyotoka 2013 na wafuasi wake. Ina vioo vinavyokusanya picha iwe ndogo na kali zaidi, nyingi ni mara 0.71. Helios 58mm f/2 inakuwa 41mm f/1.4 hivi, umepata stopu moja ya mwanga (mwanga mara mbili) na kropu karibu yote imerudi. Hapa sasa nunua nzuri, kioo kibovu kwenye hii kinaharibu kila lenzi utakayoweka.

6. Kuseti kamera

Bodi haioni lenzi, inadhani iko uchi, haitapiga. Ruhusu kwenye menyu: Sony "Release w/o Lens", Fujifilm "Shoot Without Lens", Canon R "Release shutter w/o lens", Panasonic "Shoot w/o Lens". Maswali nusu ya watu wanaodhani adapta imeua kamera jibu lake ni hapo.

Weka A (Av kwenye Canon), kamera inachagua shata kulingana na mwanga unaoingia. Namba ya apacha itaonyesha 0 au mistari, zoea. Kama bodi ina stebilaiza (ya kuzuia mtikisiko) ndani iandikie milimita halisi zilizoandikwa kwenye lenzi, 58 iandike 58, sio 87 ya kropu, vinginevyo inasahihisha kupita kiasi na picha inatikisika zaidi. Kama haina, shata isishuke chini ya 1/125 kwa hiyo Helios.

Washa fokasi pikingi, ile rangi nyekundu au njano inayong'aa kwenye kingo zilizokaa kwenye fokasi, na panga kitufe kimoja cha karibu na kidole gumba kiwe cha kukuza picha. Pikingi inakufikisha mtaani, kukuza ndo kunakufikisha mlangoni. Kwa f/1.4 usiiamini pikingi peke yake hata siku moja, inawasha rangi kwenye kope, pua na sikio kwa pamoja.

Wenye DSLR, kile kijidirisha cha kuchungulia hakikuonyeshi ukweli wa f/1.4, vioo vyake vya kisasa vimetengenezwa kwa lenzi za kit na vinaonyesha kina kama cha f/2.8 hivi. Kwahiyo tumia skrini ya nyuma na kukuza, au kwenye Nikon fuata kile kidoti cha kijani. Wenye Canon za fulu fremu kama 5D, baadhi ya lenzi kitako chake kinagusa kioo cha ndani ukifokasi mbali, anza kujaribu ukiwa kwenye skrini ya nyuma ambapo kioo kiko juu tayari.

Piga RAW (faili ghafi la sensa, sio JPEG). Lenzi za zamani zina rangi zake, moja ina ubaridi nyingine ujoto, na RAW inakupa nafasi.

7. Kupiga sasa

Fungua apacha yote, kuza jichoni, fokasi, alafu funga mpaka apacha unayotaka, rudisha fremu, piga. Baadhi ya lenzi fokasi inahama kidogo ukifunga, kwahiyo kama unapiga f/2.8 fokasi ukiwa hapohapo f/2.8. Mtu akisimama karibu, usihangaike na pete, weka fokasi karibu na pale alipo alafu jisogeze mwenyewe mbele nyuma kwa sentimita, piga tatu nne.

Mtaani na kwenye shughuli tumia mizani iliyochorwa kwenye lenzi, lenzi mpya nyingi hazina tena hii kitu na ni raha sana. 28mm kwenye fulu fremu, f/8, weka fokasi mita 3.3, kila kitu kuanzia kama mita 1.65 mpaka mbali kabisa kiko sawa, hufokasi tena siku nzima, unainua na kupiga, haraka kuliko autofokasi yoyote. Kwenye APS-C weka mita 4.9, inaanzia kama mita 2.45. Ile michoro ya kina kwenye lenzi ilipigwa kwa filamu ya 35mm, kwenye kropu ukiwa f/8 soma alama za f/5.6.

Jua. Koti za vioo vya zamani ni nyembamba, jua likiingia kwa pembe picha inafifia yote. Tumia hudi (kofia ya mbele ya lenzi), ya mpira inatosha, au kiganja chako juu ya lenzi. Saa zingine huo ufifia ndo unautaka, jioni bichi mtu ana jua mgongoni, Takumar na Helios zinatoa ile miali ambayo lenzi mpya inaikataa. Ila usiiache mirolesi imeelekezwa kwenye jua huku apacha iko wazi, hamna kioo cha kuzuia, sensa au pazia la shata linaungua.

Flashi uipange mwenyewe kwa mkono, usitegemee ijipime.

Wa video ndo mnafaidi zaidi, pete ya fokasi ina mzunguko mrefu na inasimama mwanzo na mwisho, unaweza kuweka alama kwa plasta na kurudi palepale. Umeme wetu ni 50Hz, kwahiyo ukumbini shata iwe 1/50 au 1/100 taa zisikupigie mistari, na mchana weka filta ya ND (kioo cheusi cha kupunguza mwanga) maana f/2 na 1/50 juani ni nyeupe tupu.

8. Lenzi za ajabu ajabu

Lenzi za mashine ya kusafishia picha, zile za chumba cha giza kama EL-Nikkor 50mm f/2.8, zina uzi wa M39 na hazina pete ya fokasi. Weka kwenye bomba linalorefuka lenye uzi wa kuzungusha, unapata lenzi ya vitu vidogo, wadudu, pete za harusi, maua, kali kona mpaka kona kwa sababu ilitengenezwa kwa karatasi bapa. Studio nyingi zilizofunga chumba cha giza walizitupa.

Njia rahisi zaidi ya vitu vidogo ni pete ya kugeuza, inafunga 50mm yako kinyumenyume kwa uzi wa filta, 49mm au 52mm kwa nyingi, angalia yako. 50mm ikigeuzwa inakupa karibu na saizi halisi, 28mm inapita hapo. Kitako cha lenzi kinabaki nje, kuwa makini na vumbi.

Lenzi za CCTV za maunti ya C zinaingia Micro Four Thirds, adapta inazama ndani ya maunti maana umbali wake ni 17.526 tu. Nyingi zinaacha duara jeusi pembeni. Za mzaha na za kufurahia.

Lenzi za Leica M na za M39 za Urusi (Jupiter, Industar) ni ndogo na nzuri kwenye mirolesi, ila angalia kitako. Jupiter-12 35mm f/2.8 kioo cha nyuma kimetokeza sana, kwenye bodi zingine kinagonga ndani, usizungushe mpaka upime. Zile zinazojikunja, kama Industar-22, usizikunje ikiwa kwenye kamera. Na pana za aina hii kwenye sensa kona zinageuka zambarau.

9. Kuitunza, hasa ukiwa pwani

Dar, Tanga, Mombasa, Unguja, hewa yetu yenyewe ni chakula cha fangasi. Unyevu ukikaa juu ya asilimia 60 hivi muda mrefu, wanaota. Chukua ndoo au kontena la plastiki la jikoni linalofunga kwa raba, weka silika jeli ndani na kile kipima unyevu kidogo, lenga asilimia 40 mpaka 50. Chini sana nako sio kuzuri, grisi inakauka. Silika ya rangi ya chungwa ikibadilika kijani imeshiba, iingize oveni kama nyuzi 120 saa moja mbili, inarudi. Lenzi yenye fangasi hai usiichanganye na wenzake kwenye hilo boksi, na ile mikoba ya ngozi iliyokuja nayo iweke shelfu nyingine kabisa, ngozi inanyonya unyevu na kuushikilia hapohapo kwenye kioo.